Pula ya Rota Huchaguliwa kwa Thredi Zake

Kila mwenye pikipiki hapa Pemba hufikiwa na siku ambayo rota ya injini yake, lile gurudumu la sumaku linalozalisha umeme, lazima itoke, ama kwa sababu koili zimeungua, ama klachi ya selfu imechoka, ama oili sili iliyo nyuma yake imeanza kuvuja. Kwa mwenye chombo kinachofaa, yaani pula ya kuivutia rota nje, kazi hiyo ni fupi na haina vurugu. Asiye nacho hukimbilia nyundo na patasi, na mara nyingi akaharibu kitu cha thamani kubwa zaidi kuliko kile alichokusudia kukitengeneza. Jambo hili hunisikitisha kila ninapoliona, kwa sababu linaepukika.

Kwanza ifahamike kwa nini rota haitoki baada ya kufunguliwa nati. Ncha ya krenkishafti, ile shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni, imechongwa kwa mwinamo, nene ndani na nyembamba nje, na tundu la rota limechongwa kwa mwinamo huohuo, hivyo nati inapokazwa vyuma viwili hivyo hushikana kwa msuguano mkubwa. Kile kii kidogo, kipande cha chuma cha umbo la nusu mwezi kilicho kati yao, hakiibebi rota; kazi yake ni kuiweka mahali pake ili moto wa plagi upige kwa wakati wake. Waliotengeneza injini walijua kwamba mshikano huo hauachii kwa mkono, na kwa ajili hiyo wakakata thredi, yaani mikato ya skrubu, kwenye kitovu cha rota, nje ya zile za nati au boliti, zisizo na kazi nyingine isipokuwa kupokea pula.

Kwa hiyo pula huchaguliwa kwa kuzitazama thredi hizo, si kwa jina la pikipiki wala kwa ukubwa wa chombo. Rota nyingine zina thredi ndani ya kitovu, na pula yake huwa na thredi kwa nje. Nyingine zina kitovu kilichochomoza chenye thredi kwa nje, na pula yake hukifunika kama kofia. Zipo pia zinazoshikwa kwa boliti badala ya nati. Hizo hutolewa kwa boliti nene zaidi inayoingia katika thredi za rota yenyewe na kuisukuma ncha ya krenkishafti. Katika baadhi ya Honda za zamani za jamii ya CB, ekseli ya gurudumu la nyuma ina thredi zinazolingana na hizo, na mafundi wengi wameitumia badala ya pula. Baadhi ya Vespa za zamani, ambazo Unguja bado zinapendwa, zina ringi ya klipu inayoizuia nati ndani ya kitovu, hivyo nati inapofunguliwa huivuta rota yenyewe bila ya pula yoyote.

Vipimo vinavyotakiwa ni vitatu: kipenyo, umbali kati ya thredi moja na nyingine, na upande zinakozungukia. Kipenyo hupimwa kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili, na umbali hupimwa kwa geji ya thredi. Hapa ndipo wengi huponzwa, kwa kuwa thredi za milimita 1 na za milimita 1.5 zenye kipenyo kimoja huweza kukubaliana kwa mzunguko mmoja au miwili, na mtu akadhani zimeingia. Aidha, zipo rota zenye thredi za kushoto, ambazo pula yake hukazwa kwa kuizungusha kinyume na mazoea. Pula iendayo sawa huingia kwa vidole mpaka mwisho, baada ya thredi kusafishwa kwa brashi na mafuta ya taa. Ikianza kukataa, itolewe na kupimwa upya.

Pula ya miguu mitatu, ile ya kuvutia beringi na gia, isitumike hapa. Miguu yake huvuta ukingo wa rota, na huko ndiko kulikogandishwa sumaku, wakati kitovu ndicho kinachoshikilia. Matokeo yake ni rota iliyopinda au sumaku iliyobanduka. Nyundo ni mbaya zaidi. Krenkishafti za pikipiki nyingi ndogo zimeungwa kwa kushindiliwa vipande, na pigo la pembeni laweza kuviondoa katika mstari, mbali na kuumiza beringi na kupasua sumaku. Moto wa gesi nao hudhoofisha sumaku na kuunguza sili.

Chombo kikishapatikana, nati isitolewe kabisa. Iachwe ilingane na ncha ya krenkishafti, iwapo pula inaruhusu, ili thredi za krenkishafti zisikandamizwe na rota isirukie nje inapoachia. Mwili wa pula ushikwe kwa spana moja na boliti ya kati, ile inayoisukuma ncha ya krenkishafti, ikazwe kwa nyingine. Rota ikigoma, mimi sipendi kuongeza bomba kwenye spana. Ni bora boliti ikae imekazwa, kichwa chake kigongwe kidogo na kwa unyofu, kisha ikazwe tena. Mlio mkali utakaosikika ndiyo dalili ya kwamba mwinamo umeachia.

Maduka ya vipuri ya Chake Chake na Wete hayana kila aina ya pula, na kuagiza Unguja au Dar es Salaam kwa kutaja jina la pikipiki pekee huleta chombo kisichoingia, kisha mtu akangojea meli nyingine. Aandike vipimo vile vitatu, pamoja na kama thredi ni za ndani au za nje, apige na picha ya kitovu karibu na rula, avipeleke vyote kwa muuzaji. Rota iliyokwishatolewa iwekwe juu ya kitambaa safi, mbali na unga wa chuma, na kabla ya kurudishwa mwinamo wote ufutwe mpaka ukauke, kwa sababu chembe moja ya chuma iliyonaswa na sumaku inatosha kuizuia isikae sawasawa.