Bosi na mlio wa bunduki

Bosi hakuletwa nyumbani awe mbwa wa kuwinda. Aliletwa akiwa na wiki nane, amejikunja ndani ya kapu la nguo, watoto wakamgombania tangu siku ya kwanza, na kwa miezi kadhaa kazi yake ikawa kulala sebuleni na kutafuna ndara. Mama yake ni Labrador. Baba yake hakuna aliyekuwa tayari kuniapia ni nani.

Mwindaji ni mimi. Msimu ukifunguliwa na kibali kikiwa mfukoni, huenda kutafuta kwale na njiwa, na kwa miaka mingi nilikwenda bila mbwa. Matokeo yake niliyajua vizuri: kwale akianguka kwenye majani marefu yaliyokauka, rangi yake na ya majani ni ile ile. Unasimama juu yake humwoni. Kuna siku nilirudi na ndege wawili huku nikijua kwamba wanne wamebaki porini, na sikulala vizuri.

Basi asubuhi moja nikamkuta Bosi uani, mguu mmoja ameuinua, pua imeelekea kwenye ua, mkia umenyooka kama kijiti. Nilipochungulia, upande wa pili kulikuwa na njiwa anadonoa. Alikuwa na miezi mitano tu. Nikajiambia, huyu yuko tayari. Juma lile lile nikamharibu.

Nilivyomharibu ni hivi. Nilimpeleka uwanda wa wazi pamoja na rafiki yangu, nikamwacha acheze, kisha nikapiga risasi moja hewani, yeye akiwa hatua tano kutoka nilipo. Nilitaka kuona kama ataogopa. Ukiniuliza leo nilitegemea nini, sina jibu. Bunduki ya marisawa hutoa mlio unaozidi desibeli 140, mlio unaoumiza hata sikio la mtu mzima anayejua kwamba unakuja. Mbwa anasikia kuliko sisi, tena husikia sauti nyembamba ambazo kwetu hazipo kabisa. Na huyu alikuwa mtoto, hajui bunduki ni kitu gani wala mlio umetoka wapi. Alijirusha pembeni, akakimbia mkia katikati ya miguu, tukamtafuta nusu saa. Alikuwa chini ya gari, anatetemeka, amejikojolea.

Kuanzia siku ile mlango ukibamizwa, Bosi yuko chini ya meza. Mfuniko wa sufuria ukianguka, yuko chini ya meza. Nikiitoa bunduki kabatini kuisafisha, hata kabla sijaifungua, anatoka chumbani amejiinamia kama mwizi.

Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyefundisha mbwa wa kuwinda tangu ujana wake.

“Shikamoo mzee. Nina mbwa ameharibika.”

“Marahaba. Mbwa hajaharibika, kaharibiwa. Na nani?”

Nikanyamaza. Akacheka kidogo, akaniambia wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, ila hawakusema mbwa wa msasi mwenye pupa huwaje. Kisha akanipa masharti. Bunduki isionekane nyumbani kwa miezi miwili. Mbwa asiende porini. Nifundishe mengine yote kwanza, na huo mlio tutaurudia kwa mlango wa nyuma.

Hayo mengine sitayaeleza sana, kwa sababu ni yale yale ambayo mbwa yeyote wa nyumbani anapaswa kuyajua: kaa, njoo, subiri. Tofauti ni filimbi. Porini sauti ya mtu inapotea na upepo, tena inawafurusha ndege, kwa hiyo nilianza na filimbi wakati wa chakula. Milio mifupi mfululizo maana yake njoo, na bakuli liko mkononi mwangu. Mlio mmoja mrefu maana yake kaa hapo hapo ulipo. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, basi. Mara nilipozidisha zikawa kumi na tano, alianza kutazama vipepeo. Nilitumia pia kamba ndefu ya mita kumi, inayoburuta nyuma yake, ili nikimwita akajifanya hajasikia niikanyage kamba badala ya kupiga kelele. Ukiita mara sita mbwa asije, umemfundisha kwamba wito wa kwanza hadi wa tano hauna maana.

Mdomo ndio ulionipa shida nisiyoitarajia. Watoto walikuwa wamemzoesha mchezo wa kuvutana soksi: wao wanavuta huku, yeye anavuta kule, kicheko nyumba nzima. Na ulikuwa wakati meno ya utoto yanang'oka, fizi zinawasha, kwa hiyo kila kitu alikibana kwa nguvu. Mbwa wa kuwinda anatakiwa abebe ndege kama anabeba yai. Huyu wangu akikishika kitu hakiachii, na ukikishika nawe, kwake mchezo umeanza. Nikapiga marufuku soksi, jambo lililonifanya adui wa watoto kwa siku kadhaa, halafu nikaanza biashara ya kubadilishana: wewe nipe hicho, mimi nakupa kipande cha nyama. “Achia” likawa neno tamu. Nilitumia kitambaa kilichokunjwa kama mkate, baadaye nikakifunga mabawa ya njiwa pande zote mbili ili aizoee harufu na manyoya yanayobaki ulimini. Mara ya kwanza aliyatema akapiga chafya.

Kosa jingine nililolifanya hapo, ambalo nadhani karibu kila mtu hulifanya, ni kumkimbiza. Alichukua kitambaa akaenda nacho kichakani, nami nikamfuata nikisema lete, lete. Kwa mbwa, mtu anayekukimbilia wakati una kitu kizuri mdomoni ni mwizi au ni mchezaji mwenzako. Kwa vyovyote dawa yake ni kukimbia. Mzee aliniambia nifanye kinyume: nigeuke, nikimbie upande wa pili, au nichuchumae nimpe mgongo. Nilijiona mjinga nikichuchumaa uani na kutazama ukuta. Lakini baada ya dakika moja hivi nilihisi pumzi ya moto shingoni, na kitambaa kimewekwa begani kwangu. Sikukipokonya. Nilimpapasa kifua kwanza, kitambaa kikiwa bado mdomoni, nikahesabu mpaka tano, ndipo nikasema achia. Ukiwahi kukichukua anajifunza kwamba kukuletea ni kunyang'anywa.

Miezi miwili ilipotimia tukaingia kwenye mlio. Tulianzia jikoni. Bosi anakula chumba kimoja, mke wangu anaangusha kijiko chumba kingine. Bosi akiinua kichwa kisha akaendelea kula, vizuri. Kesho kijiko kikubwa zaidi. Akiacha bakuli, tunarudi nyuma siku mbili. Tulipanda kutoka kijiko hadi mfuniko, kutoka mfuniko hadi sufuria tupu, kutoka chumba cha tatu hadi mlangoni, na hiyo tu ilichukua wiki tatu. Nilijizuia nisimtazame usoni kila sauti ilipotoka. Mbwa anasoma uso kuliko tunavyodhani, na uso wa mtu anayengoja balaa unasema kuna balaa.

Kisha uwandani, na bastola ya kuanzishia mbio, ile isiyorusha risasi. Rafiki yangu, ambaye naye alikuwa na deni kwa Bosi, alisimama mita 150 kutoka kwetu. Mimi nilikuwa na bawa la kwale limefungwa kwenye ufito kwa uzi, nalirusharusha juu ya majani, Bosi akilifukuza kama mwendawazimu. Pale alipozama kabisa katika mchezo ndipo nilipoinua kofia, na rafiki akafyatua. Siku ya kwanza Bosi alisimama, akageuza sikio moja, akalirukia bawa tena. Tukafunga kazi hapo hapo, mlio mmoja tu, tukarudi nyumbani. Rafiki yangu alinung'unika kwamba ametembea mwendo wote ule kwa ajili ya kufyatua mara moja. Nikamwambia tungefanya hivi tangu mwanzo, leo tusingekuwa hapa.

Kila safari tulisogea mita kumi, si zaidi, na si kila safari. Kipimo changu kilikuwa mkia. Ukibaki juu, tunasogea. Ukishuka hata kidogo, tunarudi mahali pa juzi. Tulipofika mita 60 tulikwama wiki nzima. Bunduki yenyewe ilirudi kimya kimya: kwanza nikawa nakaa nayo tu, imefunguliwa, haina kitu, wakati Bosi anakula miguuni pangu. Halafu natembea nayo. Kwa mara ya kwanza tangu mkosi ule ilipigwa akiwa mbali sana, na mtu mwingine, na mbele ya Bosi kulikuwa na njiwa aliyekufa amerushwa kwenye majani. Mlio na ndege vikaja pamoja. Baada ya mara kama kumi aliusikia mlio akaanza kutazama juu, anatafuta kinachoanguka. Siku hiyo nilimpigia simu mzee. Alisema, “Haya, sasa usiwe na pupa tena,” akakata.

Niongeze hapa kwamba njiwa wa mazoezi alikuwa amekufa na amepoa. Sikumpa ndege aliyejeruhiwa. Jogoo wa kwale ana vikucha vya miguuni vinavyochoma, na kijana akichomwa pua kwenye kazi ya kwanza ama anamwogopa ndege ama anajifunza kumtafuna kwanza ndipo amlete.

Msimu uliofuata Bosi alikuwa na miezi kumi na minne. Tulitoka alfajiri, umande bado upo, kwa sababu harufu hukaa vizuri penye unyevu, na kwa sababu mbwa akishaanza kuhema kwa joto anahema kwa mdomo na pua inaacha kazi yake. Hana jasho la mwilini kama sisi. Kupumua ndiko kupoa kwake. Nilibeba maji mengi kuliko risasi. Nilikuwa nimepanga saa moja tu ya kazi na ndege asiyezidi mmoja wa kumpiga.

Tuliingia uwanda tukiukabili upepo. Hili nalo nilijifunza kwake zaidi kuliko kwa mtu. Akiwa na upepo usoni anatembea zigizaga, kichwa juu, kila hatua ana habari mpya. Upepo ukiwa nyuma yake hukimbia moja kwa moja, na atapita ndege hatua mbili kutoka ubavuni asijue. Baada ya dakika ishirini mkia wake ulibadilika. Ulianza kuzunguka, mwendo ukawa mfupi. Kwale wawili walipasuka kutoka majanini kwa kishindo kile ambacho bado kinanishtua mimi mwenyewe. Nilipuliza mlio mrefu. Bosi akakaa, kwa shida, makalio yakigusa chini na kuinuka. Nikampiga wa nyuma. Alianguka mbali, karibu na mti mkavu.

Macho yangu yalikuwa kwa mbwa. Alikuwa amekaa, masikio mbele, anatazama mahali ndege alipoangukia.

Nikamtuma. Akakimbia mpaka karibu na mti, kisha akakata kushoto na kuteremka kwenye bonde. Nikapuliza filimbi nikamrudisha: mimi nilimwona ndege anaanguka hapa. Akarudi, akanusa, akaenda tena kushoto. Nikamrudisha tena. Mara ya tatu aliniangalia, na sitamsingizia mbwa mawazo ya binadamu, lakini aliniangalia. Nikaitoa filimbi mdomoni. Alitoweka bondeni, nikabaki nasikiliza majani. Ndege hakuwa amekufa. Alikuwa ametua na kukimbia kwa miguu, hatua zaidi ya themanini kutoka kwenye mti wangu.

Alipotokea tena alikuwa amemshika mgongoni, mabawa yamefungwa, kichwa kimeinuliwa ili asiyakanyage manyoya. Kama hatua tatu kutoka kwangu akasita, akatazama pembeni, nikaona lile wazo la kichakani linamjia. Nikageuka, nikachuchumaa, nikautazama uwanda. Kitu cha moto na chenye unyevu kikanigusa kiwiko. Nilihesabu mpaka tano kabla ya kusema achia, kisha nikammaliza ndege upesi. Hakuwa na hata ubavu mmoja uliovunjwa na meno.

Hatukuendelea. Nilimnywesha maji, nikamkagua masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe na mbegu za majani zenye miiba, maana hizo huingia taratibu na kuota usaha kabla hujajua, nikamwingiza ndani ya gari.

Nyumbani alijilaza chini ya meza ile ile, manyoya mawili ya kwale bado yamegandia mdomoni. Jioni, nikiwa jikoni, mfuniko wa sufuria uliniponyoka ukapiga sakafu. Nikasimama nikamtazama. Bosi alifungua jicho moja, akainuka, akajinyoosha, akaenda kusimama mbele ya bakuli lake.