Mshahara wa tarehe isiyojulikana

Nilifanya kazi katika ofisi ya taaluma ya chuo kimoja binafsi hapa Dodoma kwa miaka minne, na kila muhula wakuu wangu walitaka kujua kwa nini matokeo ya mitihani yanachelewa. Wao waliamini ni uvivu wa wahadhiri. Mimi niliamini ni kalenda ya ada, ingawa sikuwahi kulisema hilo kikaoni.

Chuo binafsi huishi kwa ada, nayo hulipwa kwa awamu. Masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba, wakati wazazi wengi wa Kongwa, Bahi na Singida wanatayarisha mashamba, na alizeti watakayoiuza haivunwi mpaka Mei au Juni; fedha za Bodi ya Mikopo nazo huja kwa mafungu. Ndiyo maana kwetu akaunti ya chuo ilikauka kati ya Januari na Aprili, na mishahara ikachelewa. Mhadhiri hakugoma. Alichukua vipindi katika chuo cha pili, akashinda kwenye daladala kati ya vyuo viwili, na karatasi za mitihani zikabaki kwenye begi.

Kuna pia jambo la michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni. Sheria inataka asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri achangie angalau nusu yake. Mtu anayekatwa kila mwezi, kisha akaangalia taarifa yake na kukuta miezi mitupu, huendelea kufika kazini, ila moyo wake haufiki tena. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wa namna hiyo wana majirani wengi watumishi wa umma wa kujilinganisha nao, na tangazo la nafasi za serikalini la Sekretarieti ya Ajira likitoka, ofisi nzima huulizana vyeti.

Mafunzo na vitendea kazi vina nafasi yake, sikatai, lakini projekta mpya haimlipii mtu kodi ya nyumba.

Mwaka wangu wa mwisho tulipata mhasibu mpya, ambaye mwezi Februari alitutangazia waziwazi kwamba mshahara ungeingia tarehe 12 ya mwezi unaofuata. Tulinung'unika, lakini tarehe 12 ukaingia kweli. Muhula ule matokeo yalibandikwa siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho.