Aliyeiva Bila Kupevuka

Mwezi uliopita, katika kikao cha mahari nyumbani kwetu Nyakato, mjomba wangu, mwanamume aliyekwisha kuvuka miaka 50, aliondoka kabla ya chakula kwa sababu wageni walimwamkia baba mdogo kabla yake. Kwa wiki mbili hakupokea simu ya yeyote. Mama alisema tu, "Amesusa," akaendelea kuchambua dagaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta neno la kumweleza, si kwa nia ya kumtukana, kwani ninampenda, bali kwa sababu jambo lisilo na jina huishia kusemwa kwa hasira. Kusema "ana utoto" naona ni kuwaonea watoto, maana mtoto hununa asubuhi na kufikia jioni amekwisha kusahau. "Mtu mzima ovyo" humfaa zaidi mlevi. Wanaoandika mambo ya saikolojia husema "asiyekomaa kihisia", na maana yao ni sahihi, lakini mitaani kukomaa ni kung'ang'ania bila kulegea, hivyo msikilizaji anaweza kuelewa kinyume. "Kudeka" lilinikaa moyoni kwa siku kadhaa, kisha likaniuma, kwa kuwa hakuna anayedeka pasipo wa kumdekeza, na sisi ndio tuliombembeleza kila aliponuna.

Jumamosi nilikuwa Kirumba, karibu na Mwaloni, nikichagua maembe. Nilishika moja la manjano, laini kabisa, na mama muuzaji akalirudisha chini. "Hilo limeiva, mwanangu, lakini halikupevuka." Akanieleza kwamba embe likichumwa changa na kuvundikwa, ganda hubadilika rangi na nyama hulainika, ila utamu haumo. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Kumbe Kiswahili kilikwisha kutenganisha mambo mawili niliyokuwa nikiyachanganya: kuiva kunaweza kuharakishwa kwa joto la magunia, ilhali kupevuka kunahitaji siku zake mtini.

Walipofiwa na baba yao, mjomba alikuwa na miaka 12, na tangu siku ile alikabidhiwa ng'ombe pamoja na wadogo zake wanne, akaambiwa asilie kwa kuwa sasa yeye ndiye mwenye mji. Alivundikwa.

Nilipomweleza mama hivyo, aliuweka ungo chini, akanyamaza, kisha akaomba simu yangu ampigie kaka yake.