Picha Saba za Uhakiki

Baba alifariki alfajiri ya Jumatano, nyumbani kwetu Ngamiani, na baada ya swala ya alasiri ya siku hiyo hiyo alikuwa amekwisha kuzikwa. Aliyekulia pwani haulizi kwa nini maiti haisubirishwi, na mtoto aliyeko Hamburg, ambaye tiketi ya haraka kabisa ingemfikisha Dar es Salaam kesho yake jioni, kisha zikabaki kilomita 350 za barabara hadi Tanga, si sababu ya kuisubirisha. Nilikuwa zamu ya asubuhi katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, nikimvalisha soksi bibi mmoja wa Kijerumani, simu ilipotikisika mfukoni. Nilimvalisha ya pili kwanza, ndipo nikatoka kwenda kupokea habari ambayo nilikwisha kuijua kwa saa ile iliyopigiwa.

Mtoto wa kaka yangu alinirushia mazishi kwa simu, na hapo likanipata jambo ambalo hadi leo sijamweleza mama. Lau ningekuwa Tanga, nisingeliona kaburi la baba. Ningekuwa ndani na wanawake wenzangu, tumeketi mkekani na Yasini mikononi, na jeneza lingetoka mlangoni likaondoka na wanaume. Umbali ule ule ulioninyima kumtazama baba usoni mara ya mwisho ndio ulionifikisha hadi kwenye mwanandani, nikaona udongo mwekundu ukipokewa kwa mikono, nikamwona kaka yangu akipepesuka kidogo alipotoka shimoni. Sijui kama nishukuru au nitubu.

Nilimwona na mheshimiwa. Alifika amechelewa, kanzu yake imenyooka kuliko za watu waliobeba jeneza, na talkini ilipokwisha akaombwa, au pengine alijiomba, aseme maneno mawili. Alimtaja baba kwa jina la mdogo wake, kisha akamsifu kwa miaka mingi aliyowafundisha watoto wa Tanga. Baba hakupata kushika chaki maishani mwake. Mzee mmoja akamnong'oneza sikioni, na mheshimiwa, bila kubabaika hata kidogo, akasema kwamba ualimu aliokusudia yeye ni ule wa maisha. Kutoka hapo akahamia kwenye kuongezwa kina cha bandari, meli kubwa zitakazofunga gatini na ajira za vijana, huku watu wamesimama juani na mchanga wa kaburi haujakauka.

Kejeli yenyewe ni kwamba kuhusu bandari, baba angekuwa na la kumwambia. Aliajiriwa mwaka 1965 kuwa karani wa kuhesabu mizigo chini ya lile shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, ambalo baadaye liligawanywa, reli zikabaki na makao makuu Nairobi na bandari zikapewa yake Dar es Salaam. Zama hizo meli zilitia nanga nje, kwa kuwa maji ya karibu na gati hayakuwa na kina, na mizigo ikasafirishwa kwa matishari, robota za katani zikienda na mashine na magunia yakirudi. Jumapili alikuwa akitupeleka Raskazone, anatuonyesha meli kwa kidole na kutuuliza ingehitaji matishari mangapi. Kaka alibahatisha tu. Mimi nilihesabu, na nilipokosea aliniambia nianze tena toka robota la kwanza. Mbele yetu kilikuwepo kisiwa cha Toten chenye magofu na makaburi yake ya kale, jina ambalo tulilitamka kila siku bila kuliuliza maana. Nililazimika kuja kusoma Kijerumani ukubwani ndipo nikasikia ndani yake neno lao la wafu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Baba aliendelea na kazi pale pale, kalamu ile ile, chini ya mamlaka mpya ya bandari, lakini ile miaka kumi na miwili aliyoitumikia Afrika Mashariki ikabaki inaning'inia. Nchi tatu zilitia saini mkataba wa kugawana mali na madeni mwaka 1984, na wastaafu wakaambiwa kila serikali itawalipa watu wake. Ilipofika 2005, serikali yetu na wastaafu waliandikiana makubaliano ya malipo mahakamani, kukawa na vigelegele, na baada ya vigelegele kukawa na ubishi juu ya nini hasa kilicholipwa na nini kilichosalia. Wengi wanawakumbuka wazee waliokwenda kulala barabarani Dar es Salaam. Baba hakulala barabarani, alisema ana heshima zake, ila kila lilipotangazwa zoezi la uhakiki alipanda basi la alfajiri na faili lake kwapani.

Faili lile ni la rangi ya kahawia, limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mna barua ya ajira iliyochapwa kwa taipureta, stakabadhi, nakala za nakala, na bahasha ndogo yenye picha za pasipoti, kwa sababu kila uhakiki ulidai picha mpya na kila mara baba alibakiza moja. Nilizipanga juu ya kitanda chake siku ya tatu ya matanga, nilipofika hatimaye. Ni saba. Kofia ni moja katika zote, ile ya viua ambayo mama alimshonea, na ukizitazama kuanzia kushoto unaona shingo inavyopungua ndani ya kola, jicho la kulia linavyoanza kufumba, na katika ya saba mdomo umelegea upande, maana ilipigwa baada ya kiharusi na alisafiri nayo hivyo hivyo. Fedha zilikuja mara moja. Zilitosha kuezeka upya banda la uani.

Kiongozi mwingine, mkubwa kuliko yule wa makaburini, alikuja Ujerumani mwaka uliofuata kukutana na Watanzania. Tulipewa soda na sambusa, tukaitwa mabalozi wa nchi, tukahimizwa kuwekeza nyumbani, na waliouliza habari za uraia pacha wakajibiwa kwa tabasamu. Niliponyoosha mkono nikauliza kuhusu wazee wa iliyokuwa Jumuiya, alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za vita vya Majimaji, kisha akasema suala hilo linafanyiwa kazi. Nimeishi kwenye Kiswahili maisha yangu yote na sijaona kauli isiyo na mtendaji kama hiyo. Linafanyiwa kazi na nani? Baba alikuwa karani, kila robota lilikuwa na mtu aliyelipokea na sahihi yake.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba huku kazini wazee wangu hugomba pensheni ikichelewa siku moja. Nawasikiliza, nakubaliana nao kabisa, kisha natoka nje kidogo nivute pumzi.

Siku ile ya kuondoka Tanga baada ya matanga, nilimwomba mama faili nije nalo Hamburg, nikimweleza kwamba nitalitunza vizuri, nitalipiga picha kurasa zote na huenda nikampata mwanasheria. Alikuwa chumbani, bado yumo edani, amejifunga kanga nyeupe. Alilichukua mikononi mwangu, akafungua kamba, akatoa ile bahasha na kuchagua picha moja kwa muda mrefu, akizisogeza karibu na dirisha kwa zamu. Akanipa ya pili kutoka kushoto, ya baba mwenye shingo nene. Halafu akaifunga upya kamba ya katani, fundo juu ya fundo kama alivyokuwa akifunga mwenyewe marehemu.

"Hili liache hapa, mwanangu," akasema. "Wakija kuhakiki tena watalitaka."

Akalirudisha chini ya godoro, upande wa baba.