Siku moja maishani mwangu: nukta, skrini na miwani mpya

Siku yangu ya kazi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimeketi dakani, yaani kwenye baraza la mlango wa mbele, na ukurasa mkononi, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo macho yangu ya miaka 52 husoma bila miwani. Nyumba za mji wa kale wa Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba punda aliyebeba mchanga akipita, mtu hulazimika kujibana ukutani; mwanga unaofika ndani ni mchache. Penye jua mboni ya jicho hujibana ikawa tundu dogo, na tundu dogo hunoa kile kinachotazamwa. Penye kiza mboni hupanuka, na maandishi hutawanyika. Ndiyo maana ukurasa ninaousoma vizuri dakani hunishinda nikiufikisha chumbani. Kwa muda mrefu nililaumu taa, nikabadilisha balbu mara tatu, ilhali sababu ilikuwa machoni mwangu: mtu akishapita miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huwa imekakamaa na haibadilishi tena umbo lake vizuri ili ione vya karibu.

Saa mbili nipo mezani. Kazi yangu ni kunakili tenzi na barua za zamani kutoka hati ya Kiarabu hadi herufi za Kirumi kwenye kompyuta, kwa ajili ya familia zinazotaka wajukuu wao wazisome. Katika hati hiyo nukta ndiyo kila kitu. Herufi nuni na te, zikiwa katikati ya neno, zina kiti kilekile kimoja, yaani umbo linalobeba nukta. Nuni ina nukta 1 juu na te ina nukta 2. Leo asubuhi, nikiupitia upya ukurasa niliouchapa juzi, nimekuta nimeandika “kuna” pahali pa “kuta”. Wino umegeuka rangi ya kahawia, nukta mbili zimekaribiana kama mbegu za ufuta, na macho yangu yaliziunganisha zikawa moja. Ubeti uliokuwa ukizungumzia nyumba iliyobomoka umebaki hauna kuta. Mtunzi hayupo kunisahihisha, na atakayesoma nakala yangu hatakuwa na mswada mbele yake. Nimeumia sana.

Miwani niliyokuwa nikiitumia niliinunua tayari, namba 2.00, baada ya kuijaribu kwa kusoma maandishi ya boksi. Kwa mswada inafaa kwa kiasi fulani, lakini kwa kompyuta ilinitesa shingo, na leo, saa nne, nimeelewa sababu. Nilichukua futi ya fundi cherehani, nikamwomba mwanangu apime umbali kutoka jicho langu hadi ukurasa, akapata sentimita 38. Kutoka jicho hadi skrini, akapata 65. Sasa hesabu ni nyepesi: gawanya 1 kwa namba ya lenzi, utapata kwa mita ule umbali wa mwisho ambao jicho lisilo na kasoro ya kuona mbali litaona wazi. Lenzi ya 2.00 hukoma kwenye sentimita 50. Skrini yangu ilikuwa nje ya mpaka huo kila siku, nami nilikuwa nikiinama kuifuata.

Saa nane mchana, baada ya sala na chakula, nilikwenda kwa mtaalamu wa macho, kijana anayevuka kutoka Mokowe, upande wa bara, mara moja kwa mwezi. Nilibeba futi, karatasi ya vipimo na nakala ya ukurasa ule wenye “kuta”. Kwanza alipima presha ya macho na kuangalia ndani kabisa ya jicho, jambo ambalo miwani ya kununua tayari haiwezi kumfanyia mtu, na ugonjwa wa glakoma mara nyingi huiba macho bila maumivu. Kisha alinivika fremu nzito ya majaribio akawa anabadilisha lenzi.

“Ami, soma hapa.”

Nikasoma: nukta mbili, zimeachana. Jicho la kushoto limeonekana kuhitaji nusu namba zaidi ya la kulia, wakati miwani ya kununua tayari huwa na nguvu sawa pande zote. Tukaafikiana 2.00 kwa jicho la kulia kwa kusomea, na 1.25 kwa kompyuta, ambayo hufika hadi sentimita 80. La kushoto litaongezwa nusu katika kila jozi. Alipima pia umbali kati ya mboni na mboni, ili kitovu cha kila lenzi kikae mbele ya jicho lake.

Angeweza kunitengenezea lenzi moja yenye nguvu zinazobadilika kutoka juu hadi chini, na wengi zinawafaa. Mimi nilikataa. Sehemu yake ya kutazamia skrini ni nyembamba, na mtu huinua kidevu ili aipate. Tena ngazi za nyumba zetu zina vidato virefu, na anayeshuka akitazama kupitia sehemu ya chini ya lenzi hiyo haoni vizuri anapokanyaga. Jozi mbili ni salama zaidi kwangu. Fremu nimechagua za plastiki, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma. Moja nyeusi, moja ya buluu, nisizichanganye.

Kuhusu utando wa kuchuja mwanga wa buluu, niliuacha. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, yaliona kwamba huenda haupunguzi uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta, angalau kwa muda mfupi. Utando wa kuzuia mng’ao nimeulipia kwa moyo mweupe, kwani dirisha langu lilikuwa nyuma ya kiti.

Saa kumi na moja nimerudi, nikaizungusha meza hadi dirisha likakaa ubavuni, nikaishusha skrini ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Kila baada ya dakika 20 nimekuwa nikiinuka kutazama mnazi wa jirani kwa muda mfupi na kupepesa macho, maana mbele ya skrini mtu hupepesa mara chache mno na macho hukauka.

Miwani itafika baada ya wiki mbili. Jioni hii, kabla ya magharibi, nimerudi dakani nikatia vipande vya karatasi katika kurasa 11 nilizozinakili usiku chini ya taa. Zitasubiri.