Dirisha linalotazama ziwa: nilivyojifunza kupiga picha za nyumba hapa Kigoma

Mwaka 2021 mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka Dodoma alinipigia simu akitafuta nyumba ya vyumba viwili yenye sebule kubwa, kwa kuwa alikuwa na makochi ambayo hakutaka kuyauza. Nilimtumia picha saba za nyumba iliyoko Katubuka, akazipenda, akamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita kabla hajaiona kwa macho, kisha akaja kwa treni huku mizigo ikimfuata kwa lori. Aliposimama mlangoni mwa sebule alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza kwa upole, "Kaka, hii ndiyo ile sebule ya kwenye picha?" Ilikuwa yenyewe, ila upana wake ulikuwa futi 10 na urefu futi 12, na makochi hayakuenea. Mwenye nyumba alikubali kumrudishia kodi ya miezi mitano, nami nikamrudishia ujira wangu wa udalali, ambao kwa desturi yetu ni kodi ya mwezi mmoja. Fedha niliweza kuisahau baada ya muda, lakini uso wa yule dada pale mlangoni sikuusahau, na ndio ulionifanya nianze kujifunza upya kazi niliyodhani naijua.

Sikuwa nimekusudia kumdanganya. Simu yangu ilikuwa na lenzi mbili, na kila nilipoingia chumbani nilichagua ile pana zaidi, inayoandikwa 0.5, kwa sababu ilionyesha kuta tatu kwa mkupuo mmoja. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba lenzi pana haiongezi tu eneo linaloonekana. Hukikuza kilicho karibu na kukisukuma mbali kilicho nyuma, hata ukuta ulio hatua nne kutoka kwako uonekane kama uko hatua nane. Kochi lililo pembeni mwa picha hunyooshwa likawa kama kitanda. Tangu siku ile lenzi hiyo naitumia katika vyumba ambavyo kweli havina pa kusimama, na hata hapo naweka kwenye picha kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, kama vile kiti cha plastiki au mlango ulio wazi, na chini ya picha naandika vipimo vya chumba kwa futi. Baadaye nilinunua kamera iliyotumika pamoja na lenzi ya milimita 10 hadi 18 (namba ikiwa ndogo, lenzi huona pana zaidi), nikajiwekea mpaka wa kutoshuka chini ya 13, kwa sababu kwa kamera ya aina yangu hapo ndipo chumba kinapoanza kufanana na kile ambacho mtu anakiona akisimama kwenye kona.

Urefu wa kamera nao una maana kubwa kuliko nilivyofikiri. Zamani nilipiga nikiwa nimesimama wima huku nikiinamisha simu kidogo, na kuta zote zikawa zinalala kama nyumba inayotaka kuanguka. Sasa kamera inakaa kwenye stendi ya miguu mitatu, mita moja na robo hivi kutoka sakafuni, ikiwa imelala sawasawa bila kutazama juu wala chini, na mistari ya gridi iliyomo kwenye kioo ndiyo inayoniambia kama fremu za milango zimesimama wima. Jikoni naipandisha kidogo ili sehemu ya juu ya meza ionekane.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni jua. Maelekezo niliyoyasoma, mengine yakiwa yameandikwa na wapiga picha wa Dar es Salaam, yalisema nyumba ipigwe saa moja baada ya jua kuchomoza au saa moja kabla halijatua, nami nikayafuata kwa kutazama saa ya mkononi bila kutazama mbingu. Tanzania nzima hufuata majira mamoja, yanayolingana na jua la longitudo ya 45 mashariki, ilhali Kigoma iko karibu na longitudo ya 30. Jua letu, kwa hiyo, limechelewa nyuma ya saa kwa muda unaokaribia saa nzima: huchomoza karibu na saa moja asubuhi, hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana, na hutua nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karibu na saa moja usiku. Saa sita mchana, wakati ambao kila mtu anauita wa jua la utosini, hapa kwetu jua bado linapanda. Nilipolielewa hilo niliacha kugonga milango ya watu saa kumi na mbili na nusu alfajiri kungoja mwanga ambao haujafika.

Kuna na mwendo wa mwaka. Mji wetu uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini na mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini. Nyumba moja ya mtaa wa Mwanga yenye mlango unaotazama kusini niliipiga mara tatu mwezi wa Julai, na kila mara baraza lilikuwa giza huku bati likimeremeta, mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye subira kubwa, alinikaribisha kila mara kwa chai na kuniambia, "Mwanangu, nyumba ni hiyo hiyo, labda wewe ndiye hujaipatia." Niliirudia mwezi wa Desemba, asubuhi ya saa tatu, mvua ikiwa imekatika usiku, na jua likaingia hadi kwenye kizingiti. Sasa kabla ya kwenda na kamera namuuliza mwenye nyumba swali moja tu kwa simu: asubuhi jua linakupiga mlangoni au mgongoni? Mlango ukitazama mashariki nakwenda kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na ukitazama ziwani, yaani magharibi, nakwenda kuanzia saa kumi jioni.

Lakini hayo ni ya nje. Nyumba za Bangwe na za miinuko ya Kibirizi hupangishwa kwa bei nzuri kwa sababu ya dirisha linalotazama ziwa, na dirisha hilo ndilo lililonitesa kuliko kitu kingine chochote. Ukipima mwanga kwa ajili ya chumba, dirisha linageuka karatasi nyeupe na ziwa linapotea. Ukipima kwa ajili ya ziwa, chumba kinakuwa pango. Jicho la mtu aliyekaa sebuleni huviona vyote viwili kwa sababu linajirekebisha kila linapohama, ila kamera hupima mara moja tu kwa picha nzima. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipiga vyumba hivyo jioni nikiamini kwamba ziwa hupendeza wakati huo. Hupendeza kweli kwa mtu aliye ufukweni, lakini kwa aliye ndani ya chumba jua la jioni liko mbele yake, maji yanarudisha mng'aro wote dirishani, na hakuna kamera ya kwangu inayoweza kuushinda.

Asubuhi mambo hugeuka. Jua liko nyuma ya nyumba, linaliangaza ziwa kutoka upande wetu, maji yanakuwa ya bluu badala ya fedha, na tofauti ya mwanga kati ya ndani na nje inapungua sana. Hapo ndipo napiga picha tatu bila kuisogeza stendi hata kidogo, nikitumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise kamera: moja ya kawaida, ya pili yenye mwanga wa robo ya ile ya kwanza kwa ajili ya dirisha, na ya tatu yenye mwanga mara nne kwa ajili ya pembe za giza. Programu ya kuhariri, kwangu ni Lightroom, huziunganisha ikachukua ziwa kutoka moja na kochi kutoka nyingine. Mwenye simu pekee asikate tamaa, kwa maana simu nyingi za sasa hufanya muungano huo zenyewe, mradi mkono utulie na lenzi iwe imefutwa kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya vidole kwenye lenzi hutandaza ukungu mweupe kuzunguka kila dirisha, na nimewahi kupoteza kazi ya asubuhi nzima kwa sababu hiyo.

Muungano huo una hatari yake, nayo ni ulafi. Vitelezi, yaani vidhibiti vya kusogeza ndani ya programu, vya kufungua vivuli na kuzima mwanga mkali vinapovutwa hadi mwisho, kuta hupata madoa ya kijivu, mapazia huwaka kama yana taa ndani yake, na nje ya dirisha huonekana kama picha iliyobandikwa. Ninaviacha katikati, kisha naondoka mbele ya skrini kwa dakika 10 na kurudi. Dirisha zuri kwa maoni yangu ni lile linalobaki kung'aa kidogo kuliko chumba, kwa sababu ndivyo dirisha lilivyo.

Rangi zilinifundisha kuzima taa. Sebule nyingi hapa zina balbu ya njano katikati, taa nyeupe ya kibuluu upande wa jikoni, na mwanga wa mchana unaoingia dirishani, na kila kimoja kina rangi yake ambayo jicho huisamehe na kamera haiisamehe. Nikiwasha zote, kona moja huwa ya chungwa na nyingine ya samawati, wala hakuna kitelezi kitakachozipatanisha. Kwa hiyo nazima taa zote, nafungua mapazia, na kuupa mwanga wa dirisha muda wa kutosha kwenye stendi, hata nusu sekunde ikibidi. Umeme ukikatika katikati ya kazi sisumbuki. Ukuta wa kijani huipaka dari kijani, na hilo nalitibu kwa kuweka karatasi nyeupe mezani katika picha ya kwanza, ili wakati wa kuhariri niiambie programu kwamba hii ndiyo nyeupe.

Kabla ya yote hayo kuna saa nzima ya mikono. Ndoo zinatoka, ndala zinaondolewa mlangoni, nguo zinaanuliwa kwenye kamba, vioo vya madirisha vinapanguswa vumbi. Kama mpangaji bado yumo, namwomba ruhusa yeye mwenyewe, si mwenye nyumba peke yake, na picha za familia pamoja na vyeti vilivyotundikwa ukutani tunavishusha pamoja, kwa sababu picha ya nyumba husambaa kwa watu ambao hatutawajua kamwe.

Katika kuhariri najiruhusu kunyoosha mistari, kusawazisha mwanga na kurudisha rangi ya kweli ya tofali la kuchoma, ambalo kamera hupenda kulifanya jekundu mno. Sifuti nguzo ya umeme iliyo mbele ya baraza, sifuti ufa, wala doa la unyevu lililopanda ukutani, na sipaki majani ya kijani penye udongo. Dalali mwenzangu aliwahi kunisihi nibadilishe mbingu nyeupe ya Agosti, wakati moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la kiangazi huifuta milima ya ng'ambo isionekane kabisa, niweke mbingu ya bluu kutoka picha nyingine. Nilimwambia tusubiri mvua za Novemba, kwa maana asubuhi baada ya mvua milima ya Kongo husimama wazi na hapahitajiki kubandika chochote. Alinung'unika, na nyumba ile ilikaa wiki kadhaa zaidi bila mpangaji, jambo ambalo lilimgharimu mwenye nyumba na sikulichukulia kirahisi.

Vilevile napiga vitu ambavyo zamani niliviona havina uzuri: tangi la maji na mahali lilipo, mita ya umeme ya LUKU, na njia ya kufika nyumbani, hasa kwenye milima yetu ambako gari dogo huishia njiani wakati wa mvua. Anayehama kutoka mbali hulipa kwa kuamini picha hizi kuliko ile ya machweo. Nazituma kwa WhatsApp kama hati, si kama picha za kawaida, kwa sababu zikitumwa kama picha hubanwa na maelezo madogo hupotea; kwanza nazipunguza hadi pikseli 2,000 upande mrefu ili zisimmalizie mtu bando.

Kinachonihangaisha sasa ni vyoo vya ndani. Vingi ni vidogo kiasi kwamba mlango ukifunguka hugusa sinki, dirisha lake ni tundu la juu, marumaru nyeupe hurudisha mwanga kwa mabaka, na kioo cha ukutani kinanionyesha mimi na stendi yangu. Nimejaribu kusimama nje ya mlango, kamera ikiwa wima na imesogezwa pembeni kidogo ili kioo kisinione, nikiuacha mwanga uingie kwa sekunde 2 nzima, na matokeo yanaridhisha nusu. Wiki ijayo nina nyumba ya Lubengera yenye choo cha namna hiyo, na nimepanga kwenda na shuka jeupe, nilitundike kwenye ukuta wa korido ulio mkabala na mlango, nione kama litarudisha ndani mwanga wa sebuleni kiasi cha kuifikia ile kona iliyo nyuma ya sinki.