Amemkumbatia fundi asiyemjua

Leo kaja fundi wa bomba. Hata begi hajaliweka chini, binti yetu keshamkumbatia miguu: "Tunaenda wote?"

Mimi hakuniangalia kabisa.

Tulimuasili akiwa na miaka 3, kutoka kituo cha watoto ambako walezi walipokezana kwa zamu. Mtoto anajifunza kumchangamkia kila anayeingia mlangoni, maana hajui nani atabaki. Watu husema, "Mchangamfu huyu!" Moyo unaniuma.

Huko Bucharest, Romania, mradi ulioanza mwaka 2000 ulifuatilia watoto 136 wa vituoni. Waliopelekwa kwenye familia za malezi kabla ya kutimiza miaka 2 ndio walioshikamana vizuri zaidi na walezi wao. London nako, utafiti mwingine ulionyesha kuwa watoto wa vituoni walioasiliwa walishikamana na wazazi wapya, ila urafiki na wenzao ukawasumbua hadi umri wa miaka 16.

Kwa hiyo nawaza pia kuhusu shule.

Jioni kaanguka, goti likachubuka. Siku zote hujipangusa mwenyewe, kimya, kama vile hakuna mtu mzima karibu. Leo kalia kwa sauti, huku ananitafuta MIMI. Jamani, sijawahi kufurahia kilio namna hii!

Mnaolea watoto waliotoka vituoni, kwenu ilikuwaje? Na urafiki shuleni mliwasaidiaje?